Mtahini Aliyetembea kwa Miguu

Katika miaka ile ya kwanza baada ya uhuru, karibu kila mtu aliyeendesha gari kihalali mjini Kisii alikuwa ameruhusiwa na mtu mmoja, na mtu huyo alitembea kwa miguu. Asubuhi alipanda kwa miguu kwenda ofisini, adhuhuri akateremka kwa miguu kwenda kula, na alasiri mvua yetu ya kila siku ilipoanza alifungua mwavuli wake mweusi akaenda vivyo hivyo, huku magari ya watu aliowafaulisha yakimpita na kumrushia matope. Wenye adabu walisimama wakamfungulia mlango. Yeye aliinua mwavuli kidogo na kusema, "Asante, natembea," kana kwamba hatukuwa tunaona.

Tulimwita Mtahini. Jina alikuwa nalo, tena liliandikwa kwa rangi kwenye mlango wa ofisi yake, lakini sikupata kusikia mtu akilitumia. Hata mkewe alipokuja kumtafuta kwangu aliuliza kama Mtahini amepita. Alikuwa mtu wa ziwani, mrefu, mwenye shingo ndefu na koti la kaki lililokuwa safi hata wakati wa masika, jambo ambalo sisi wa milimani hatukuweza kulielewa. Kazi yake ilikuwa kuwapima madereva. Ukimridhisha, ulipata kijitabu chekundu cha leseni. Usipomridhisha, ulirudi kwenu Nyamira au Nyamache ukiwa abiria kama ulivyokuja.

Mimi nilikuwa na studio ya picha hatua chache kutoka ofisini kwake, na nilipiga zile picha ndogo za kubandikwa katika kijitabu. Wengi walikuja kupigwa picha kabla ya mtihani, wakiwa wamechana nywele kwa maji na kuinua kidevu, maana walijua watafaulu. Kwa hiyo droo yangu ilijaa nyuso za watu waliokuwa na hakika. Nilizitunza, kwa kuwa wengi walirudi kuzichukua baadaye, wakiwa na kidevu kilichoshuka kidogo.

Picha iliyokaa muda mrefu zaidi katika droo hiyo ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Dada alitaka kijitabu chekundu kutoka mkono wa Mtahini kuliko alivyotaka mume, na hayo ni maneno yake mwenyewe, aliyoyasema mbele ya mama. Lakini huwezi kuelewa habari za dada bila kuelewa kwanza habari za ndizi.

Kisii hakuna mahali tambarare. Ukiona uwanja tambarare, ujue kuna mtu aliuchimba. Kwa sababu hiyo Mtahini aliamini kwamba dereva asiyeweza kusimama mlimani na kuondoka tena bila kurudi nyuma hana haja ya kujua kitu kingine chochote. Sehemu nyingine za nchi, nasikia, watahini waliweka kiberiti nyuma ya gurudumu. Mtahini wetu alisema kiberiti kikipondwa dereva hahisi uchungu wowote. Yeye aliweka ndizi.

Kila siku ya mtihani alipita sokoni kwa mama mmoja muuza ndizi, akabonyeza moja baada ya nyingine kwa kidole gumba mpaka mama yule akanuna. Alitaka ndizi iliyoiva sawasawa, ile ndogo tamu, isiyo mbichi wala iliyolegea. Halafu alipanda na mtahiniwa hadi kilima kilicho kwenye barabara ya Suneka, akamwamuru asimame katikati ya mpando, akashuka, akailaza ndizi nyuma ya gurudumu, akarudi kwenye kiti chake na kusema, "Twende." Ikipondeka, umeanguka. Ikibaki nzima, aliiokota, akaifuta kwa kitambaa na kukupa uile hapo hapo, mbele yake, mpaka mwisho. Hapo ndipo alipotoa kalamu.

Mbuzi wa kilima kile walijua siku za mtihani kuliko sisi. Walikuja mapema, wakajipanga ukingoni, wakasubiri. Dereva aliyerudi nyuma aliwapa chakula, na katika miezi ambayo watu walifeli sana, mbuzi wale walinawiri. Kwa hiyo mjini hakuna aliyeuliza kama umefaulu au umeanguka. Waliuliza, "Ndizi imeliwa na nani?" Na mtu aliyejibu "Mbuzi" alinunuliwa chai bila maswali zaidi.

Jambo la ajabu ni kwamba Mtahini mwenyewe hakuonja ndizi hata siku moja. Alizinunua, alizibonyeza, alizilaza chini kwa upole, aliwatazama wenzake wakizila. Ukimkaribisha alisema, "Mimi ni mtu wa samaki." Mama yule muuza ndizi aliliona hilo kuwa dharau. Alimwambia waziwazi kwamba mtu anayelisha mbuzi wa wenyewe ndizi nzuri na yeye hataki ataulizwa na Mungu.

Mtahini alikuwa na misemo yake, na kwa vile alikuwa akiirudia, mji mzima uliikariri. "Mlima hauna rafiki." Huo ulikuwa wa watoto wa wakubwa. "Kioo kinaona kuliko jirani." Huo ulikuwa wa wale waliosahau kutazama nyuma. Na mmoja aliousema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa dawa: "Huruma haishiki breki."

Mkono mtupu haulambwi, sote tulijua, na watu walijaribu kumjazia wake. Mfanyabiashara mmoja wa Marani, mwenye duka mjini, alipeleka jogoo nyumbani kwake, na mkewe, ambaye hakuambiwa ni wa nini, akampokea na kumfunga mguu kwenye meza. Mtahini aliporudi kula alimfungua jogoo, akamtia kwapani, akapanda naye mji mzima katika jua la mchana hadi dukani kwa mwenyewe.

"Mtahini, huyo jogoo anafanya testi?" watu wakamwuliza njiani.

"Huyu angepita," alijibu bila kusimama. "Huyu anajua kutulia."

Wiki iliyofuata mfanyabiashara yule alifaulu kwa haki kabisa, akala ndizi yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyeamini kwamba jogoo alirudishwa, ingawa tulimwona kwa macho yetu.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Mtu huyu aliyemwangusha dereva kwa kusahau kutoa mkono dirishani alivuka barabara vibaya kuliko ng'ombe. Alivuka mshazari, anasoma gazeti, hatazami kulia wala kushoto. Madereva wote walikanyaga breki kwa nguvu, maana nani angetaka kumgonga Mtahini? Na kanisani kwao, ambako aliimba sauti ya nne, mkewe aliniambia kwamba wimbo ukianza kwenda polepole mguu wake wa kushoto hukanyaga klachi. Mimi sikuyaona hayo, kwa sababu sisi tulisali Jumamosi na yeye Jumapili. Mtu aliyetaka mtihani mwisho wa wiki aliambiwa asubiri mpaka Mungu wa pande zote mbili amalize.

Sasa nirudi kwa dada. Alipokuwa mtoto ugonjwa wa kupooza ulimshika mguu wa kushoto, na mguu ule ukabaki mwembamba wakati mwenzake ukikua. Alitembea kwa fimbo. Alikuwa fundi wa kushona, mwenye cherehani ya mkono, na sare za shule za nusu ya Suneka zilitoka kwake. Lakini nguo zinauzwa siku ya soko, na soko la leo liko Marani na la kesho Nyamache. Dada alibebwa. Alibebwa nyuma ya baiskeli za watu, alibebwa juu ya lori la ndizi, na alipofika alishushwa kama gunia mbele ya wateja wake, wanaume wawili wakimshika makwapa. Halafu jioni alingoja mtu mwenye nafasi. Mara nyingine mtu huyo hakuja.

"Nimechoka kubebwa," aliniambia. Hakulia. Alisema kama mtu anayesema amechoka kula viazi.

Upande wa Sotik kulikuwa na Mzungu wa mashamba ya chai aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Mkewe, ambaye dada alimshonea mapazia kwa miaka, akamwachia kigari kilichokuwa kikibebea maziwa. Kilikuwa na gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kibanda cha bati cha watu wawili waliobanana, na sanduku la mizigo. Hakikuwa na usukani bali mikono kama ya pikipiki. Klachi ilikuwa kwenye mkono wa kushoto na breki chini ya mguu wa kulia, kwa hiyo mguu mwembamba wa dada haukuwa na kazi yoyote humo ndani. Kililia kama cherehani yenye hasira. Kasoro yake ilikuwa moja: hakikuwa na gia ya kurudi nyuma. Mzungu akitaka kurudi nyuma alishuka akakisukuma.

Dada alijifunzia Suneka, mimi nikiwa nimebanwa pembeni yake, alama ya L nyekundu mbele na nyuma. Akaja kwangu, akapigwa picha, kidevu juu. Kisha tukaenda kwa Mtahini.

Alikizunguka kigari kile mara nyingi. Aliinama, akachungulia chini.

"Sasa hii ndio nini?" aliuliza.

"Ni gari, Bwana Mtahini," dada akasema.

"Gari gani haina gurudumu ya nne?"

"Mimi pia niko na mguu moja na nusu, na ni mtu."

Watu waliokuwa pale walicheka mpaka wakashikana mabega. Mtahini hakucheka. Alifungua kitabu chake cha sheria, kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni, akasoma kwa muda mrefu. Mwenye leseni ya pikipiki hakuruhusiwa kuendesha motokaa, wala wa motokaa kuendesha pikipiki, na kila kimoja kilikuwa na mtihani wake. Kigari cha dada kilisimama katikati, na Mtahini hakupenda kitu kinachosimama katikati. Akaenda posta kupiga simu Nairobi. Laini ilikuwa mbaya, na posta nzima ikamsikia akipiga kelele: "Moja mbele! Hapana, mbele! Mawili nyuma!" Mkubwa wa kwanza aliyempata alimwambia apime kama pikipiki. Hakuridhika, akampigia mwingine, naye akamwambia apime kama motokaa.

Mtu mwingine angechagua lililo rahisi. Mtahini alirudi akatangaza kwamba dada atafanya yote mawili.

Mtihani wa pikipiki ulikuwa wa kuzunguka mawe kwa kuchora nane. Dada alizunguka la kwanza vizuri. Kwenye la pili alikata kona kwa furaha mno, na gurudumu la nyuma upande wa kushoto likanyanyuka juu, likazunguka hewani, kisha likatua.

"Sheria inasema magurudumu matatu," Mtahini alisema. "Wewe umeniletea mawili." Akamwangusha.

Mara ya pili nane ilitoka safi, wakaenda mlimani. Hapo Mtahini akatoa mfukoni ndizi mbili. Pakazuka kelele. Wenye motokaa wote waliwekewa moja, kwa nini huyu mama, tena kiwete, awekewe mbili?

"Yale magurudumu yake ya nyuma hayasikilizani," alijibu. "Niliyaona mwenyewe."

Dada akaondoka. Ya kulia ilibaki nzima, ya kushoto ikapondwa. Watu wakasema nusu si haba. Mtahini akasema nusu ya kufeli ni kufeli, na mbuzi wakala zote mbili, kwa sababu ndizi ya aliyeanguka haikuliwa na mtu.

Mzee mmoja wa kanisa letu, mtu wa kuheshimiwa, alikasirika. Alimfuata Mtahini hadi ofisini, nami nikaenda naye.

"Bwana Mtahini," alisema, "huyu ni msichana ya kuhurumiwa. Mungu mwenyewe anaona hiyo mguu. Mpatie tu hiyo karatasi."

Mtahini alisimama. Wazee aliwaamkia kwa lugha yetu, na aliisema vibaya kwa bidii. "Omogaka, huruma haishiki breki. Siku gari yake itarudi nyuma huko Nyamache, kwa watu wa soko, mimi nitaita huruma yako ikuje kuisimamisha?"

Jioni hiyo mama alimlaani Mtahini na ukoo wake mpaka chakula kikapoa. Dada alikuwa akikata obokima, ugali wetu wa wimbi, kwa vidole, akitabasamu peke yake.

"Unacheka nini?" nikamwuliza.

"Tangu nizaliwe hakuna mtu amewahi kuniangusha," alisema. "Shuleni walinipitisha kwa sababu ya mguu. Pasta alinibatiza bila kuniuliza swali hata moja. Huyu ameniangusha kama mtu." Akaongeza, "Lakini nitamwonyesha."

Mara ya tatu mvua haikungoja alasiri. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa hauna adabu, na nilimwomba dada aahirishe. Alisema Nyamache nako hunyesha. Mtahini alilaza ndizi zake mbili katika matope, mbuzi wakasogea, dada akaondoka. Kigari kilitetemeka, kikalia, kikapanda. Tulikimbia kutazama. Ndizi zote mbili zilikuwa nzima, zimejaa matope tu, na watu waliojikinga chini ya majani ya migomba walipiga vigelegele.

"Bado," Mtahini alisema. Maji yalikuwa yakimtiririka shingoni. Alichomeka vijiti viwili viwili chini ya mlima, akaacha njia nyembamba katikati. "Sasa rudi nyuma upite hapo katikati."

"Haina rivasi!" tulipiga kelele sote.

"Nairobi wamesema hii ni motokaa. Motokaa inarudi nyuma."

Nilimchukia wakati huo, nasema kweli. Dada aliiacha mikono yake juu ya mikono ya kigari. Kisha akageuza shingo, akatazama nyuma, akaachia breki kidogo. Mlima ukamchukua. Kile kitu ambacho tangu asubuhi alikuwa akikizuia sasa alikiruhusu, polepole, breki kidogo, kuachia kidogo, kigari kikateremka kinyumenyume katika matope, kikapita kati ya vijiti bila kugusa hata kimoja, kikasimama.

"Kisii yote ni rivasi, Bwana Mtahini," alisema.

Mtahini alitazama vijiti. Akamtazama dada. Akaziosha zile ndizi kwa maji ya mvua, akampa. Dada alikula ya kwanza kwa furaha. Ya pili alitaka kunipa mimi.

"Zote mbili," Mtahini akasema, na kalamu hakuitoa mpaka ya pili ilipoisha.

Hapo ndipo hadithi ya kawaida ingekwisha. Picha ya dada ilitoka katika droo yangu ikaingia katika kijitabu chekundu, na yeye akawa mtu wa masoko yote, Marani, Nyamache, Nyamira, akifika na kushuka mwenyewe kwa fimbo yake, bila mwanaume wa kumshika kwapa. Lakini wiki ile ile, mvua ikinyesha, alimwona Mtahini akipanda mlima na mwavuli wake. Akasimama, akafungua kimlango cha bati.

"Asante," Mtahini akasema. "Natembea."

Wengine walipojibiwa hivyo walicheka. Mjini kulikuwa na maelezo mengi, kwamba anaogopa kuonekana amehongwa, kwamba ana kiapo, kwamba ni ubahili wa viatu, ingawa atembeaye ndiye anayemaliza viatu. Dada hakucheka. Alirudi studio akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Hata mimi?" alisema. "Basi hakuniamini. Siku ile alinihurumia tu, kwa sababu ya mvua."

Nilimwambia Mtahini hapandi gari la mtu yeyote, hata la wakubwa. Alijua. Lakini jambo hilo lilimkaa kooni. Miaka ilipita, akaolewa, akazaa, akafundisha wasichana wawili kushona, na bado nilimwona kila mara akimaliza kupanda mlima wowote anageuka kutazama nyuma. Kila alipomkuta Mtahini njiani alisimama na kufungua mlango, na kila mara alijibiwa yale yale. Walizeeka wakifanya hivyo. Kigari chenyewe kilipakwa rangi mara nyingi hata tukasahau ya kwanza ilikuwa ipi.

Mara ya mwisho nilipomwona Mtahini ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya sabini. Alikuwa amestaafu, mkewe ametangulia kwenda nyumbani ziwani, na yeye alikuwa akimfuata siku hiyo. Aliingia studio kwangu na sanduku la bati begani, anachechemea, maana goti moja lilikuwa limekwisha. Akataka picha. Miaka yote ile hakuwahi kukaa mbele ya kamera yangu. Alikaa wima, nikamwambia ainue kidevu, akasema ameona watu wengi wakiinua kidevu kwangu na anajua walivyomaliza. Nikampiga picha kidevu kikiwa chini.

Mkononi alikuwa na ndizi moja. Mama muuza ndizi, ambaye naye alikuwa amezeeka, alimpa ya kumuaga, bila kumruhusu kuibonyeza.

Dada alikuwa mlangoni na kigari, amekuja kuchukua vitambaa. Alitazama lile goti, akatazama sanduku.

"Mtahini, basi yako inasimama Suneka. Panda."

"Asante, nya..." Alizoea kumwita nyar Gusii, yaani binti wa Gusii, kwa lugha ya kwao. Safari hii hakumaliza. Alitazama barabara, akatazama mguu wake.

"Kwa nini unakataa?" dada aliuliza. Miaka yote ile hakuwahi kumwuliza. "Unaogopa gari za watu?"

Mtahini alikaa juu ya sanduku lake. "Sio nyinyi naogopa," alisema. "Naogopa mimi. Nikikaa ndani ya gari ya mtu nilimpa karatasi, kila kona nitakuwa natafuta makosa yangu. Na wewe, siku yako, mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa nimeona ile mguu, na nilikuwa nimechoka kukuangusha. Mpaka leo sijui kama ni macho yangu yalikupitisha, ama ni kitu ingine."

Kumbe naye alikuwa na jambo lile lile kooni kama dada.

"Panda," dada alisema. "Tuangalie."

Alipanda. Mimi nilijibana nyuma katika sanduku la mizigo, na vitambaa, na sanduku la bati. Mtahini alishika ukingo wa kibanda kwa mikono miwili, na mguu wake mzima ukakanyaga breki isiyokuwepo kila kona. Tulipofika kwenye kilima, katikati ya mpando, ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani. Dada akasimama. Pale pale.

Kisha Mtahini akapitisha mkono nyuma, akanipa ndizi.

"Moja tu?" niliuliza.

"Moja inatosha. Sasa yanasikilizana."

"Weka kushoto," dada akasema bila kugeuka.

Nikashuka nikailaza nyuma ya gurudumu la kushoto, karibu kabisa, kama nilivyomwona yeye akifanya. Ng'ombe wakapita. Dada akaachia klachi taratibu, kigari kikatetemeka, kikalia, kikapanda. Hakikurudi hata upana wa uzi. Nikaiokota ndizi nikakimbia nayo mpaka kileleni, ambako walikuwa wamesimama kunisubiri. Mara hii dada hakuwa ametazama nyuma.

Nilimkabidhi Mtahini. Aliigeuza, akaitazama pande zote, akaifuta kwa kitambaa chake. Alitaka kumpa dada, kama kawaida.

Dada hakuipokea. Alitupeleka hadi Suneka, akazima mtambo, akazunguka kwa fimbo yake mpaka upande wa Mtahini, akamfungulia mlango.

"Kula, Mtahini," alisema. "Umepita."

"Mimi ni mtu wa samaki."

"Mwenye kupita anakula. Yote."

Akashuka, akasimama kando ya barabara na koti lake la kaki, akaimenya. Alikula polepole, akitazama mbele, nasi tukamngoja mpaka mwisho kama alivyotungoja sote. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hakujaribu kuyaficha.

"Kumbe ni tamu," alisema.

Basi likaja. Alitazama kulia na kushoto akitafuta mbuzi wa kumpa ganda, na kwa kuwa hapakuwa na mbuzi, alilitia mfukoni, akashikwa mkono na dada, akapanda.